Viazi vya Stesheni na Kutu ya Misonobari

Makanyagio,
Mpanda,
Mkoa wa Rukwa.

Jumapili, 16 Novemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Eufrazia,

Hujambo huko masomoni kwenye barafu? Kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa tisa kimekwisha, au bado unakibeba? Na unakula? Nakuuliza habari ya kula kwa sababu nakujua: ukiwa na mawazo unasahau sufuria jikoni mpaka inaungua. Wifi yako Jeniffer amesema swali hilo niliandike mara mbili, kwa hiyo nalirudia. Unakula?

Huku sisi wazima. Baba mguu ulimsumbua mwezi mzima, sasa anatembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, na akirudi anatutajia kwa majina wote waliokosa misa. Watoto wanakuita shangazi wa barafu na wanataka uwaletee kidogo kwenye chupa. Nimewaambia shangazi yenu atajitahidi.

Mvua mwaka huu imeanza kwa fujo. Redio wanaiita El Nino, sisi tunaita matope. Treni inakuja inapojisikia, kwa hiyo barua hii sikuitia posta hapa. Nampa Cletus, yule dereva wa lori la mchele, akaiposti Mbeya kesho kutwa. Ameapa kwa jina la mama yake. Nimemwambia ikichelewa, ule mlango anaotaka nimtengenezee atautengeneza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye barua yako. Niliipata Jumatatu ya tarehe 3, nene, nikadhani umetuma picha za theluji. Kumbe ndani mlikuwa na barua yenyewe, na ile picha yenye mistari myeusi, na bahasha nyingine iliyofungwa kwa gundi, ombi lako la kazi ya ualimu, eti nilipeleke kwa mkuu wa shule ya sekondari kwa sababu unarudi nyumbani. Nilianza kuisoma nimesimama karakana. Nilipofika kwenye hiyo bahasha nilikaa juu ya mbao, sikujali hata kama zimepakwa vanishi.

Ngoja nikurudishie ulichoniandikia, uone kama fundi seremala amekuelewa. Kuna ukungu mnaouita kutu, unaoshambulia misonobari huko kwenu. (Hiyo paini ambayo mimi nikiletewa karakana naikataa. Mtu aliyezoea mninga hawezi kufanya kazi na mti laini kama mkate.) Kutu hiyo inatoa unga wa rangi ya chungwa kwenye gome, matawi yanakauka, mti unakufa kuanzia juu. Kazi yako ni kuchukua unga huo mti kwa mti na kupima vinasaba vyake, ili ujue nani ni ndugu wa nani. Kutu yenyewe iko ya aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza inaishi nusu ya maisha yake kwenye msonobari na nusu kwenye jani fulani la porini, na huko kwenye jani ndiko inakooana. Watoto wanapeperuka kurudi kwenye misonobari, kila mmoja na sura yake. Ya pili haina habari na jani, inahama tu kutoka msonobari mmoja hadi mwingine. Hiyo ya pili uliitaja kwa mstari mmoja, ukasema Profesa wako hakuitaka kwenye kazi yako. Alikupa misitu miwili akasema yote ina ile ya kwanza, kwa kuwa ndivyo kitabu chao cha zamani kilivyoandika.

Basi ukapima. Msitu wa kwanza kila mti ulitoa mistari yake kwenye picha. Msitu wa pili miti arobaini, mistari ileile moja, kama mhuri uliogongwa mara arobaini. Profesa akasema haiwezekani, umechafua, tone la chupa moja limeingia kwenye nyingine zote. Amekupa mpaka mwisho wa Januari ujieleze, la sivyo kazi ya mwaka mzima inatupwa na masomo yako yanaishia hapo. Nawe umepima tena yakatoka yaleyale, umelia, na sasa unaandika kwamba labda ni kweli mkono wako haufai kazi hii.

Nilipandwa na hasira, we acha tu. Nilimsema huyo Profesa kwa Kiswahili na kwa Kipimbwe chetu mpaka wapita njia wakachungulia. Eti kwa sababu vitu vimefanana, basi mtu ana hatia! Amekuona ukikosea? Hajakuona. Ameona mistari tu! Jeniffer alikuwa ameniletea chai. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akaweka kikombe juu ya meza, akasema, "Na Kabula je?"

Chai ile ilipoa, sikuinywa.

Mambo ya Kabula wewe uliyapata nusu, maana mwaka ule wa 1991 ulikuwa Tabora shuleni, na nusu hiyo nilikupa mimi, ya kujipendelea. Leo nakuandikia yote.

Unavikumbuka viazi vitamu vya marehemu mama, vile alivyoviita viazi vya stesheni. Jani lake limepasuka vidole vitano, mshipa wa zambarau, na kiazi chenyewe ndani cha njano kama kiini cha yai. Mama alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa marando ya viazi hivyo, yale mashina ya kupandia. Hata shangazi alinyimwa. Kwa nini aliviita vya stesheni hatukuwahi kuuliza. Mimi nilidhani ni kwa sababu shamba liko upande wa reli.

Miaka miwili baada ya mama kufariki wakaja Nyanda na mkewe Kabula, Wasukuma, na ng'ombe wao, wakapata shamba jirani na letu. Mvua za kwanza tu, napita, naona kwenye matuta ya Kabula jani la mama. Vidole vitano, mshipa wa zambarau. Nikamwuliza mbegu kaipata wapi. Akasema amekuja nayo kutoka Kaliua, kwa mama mkwe wake. Nikacheka. Kaliua na shamba la mama yangu, vifanane mpaka mshipa? Nikachuma jani lake na jani letu, nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, nikayaweka mezani. Watu wakayageuza wakayapindua. Yalikuwa sawasawa. Shauri likaisha kabla balozi hajamaliza kikombe chake cha chai.

Ikaamriwa Kabula ang'oe marando yote ayarudishe. Aliyabeba kichwani mchana, jua la saa saba, kutoka shambani mpaka mlangoni kwetu, na Makanyagio nzima imetoka nje kuangalia. Akatua mzigo, akafunga kitenge vizuri, akaondoka bila neno. Msimu uliofuata wakahamia Sitalike. Na marando yale, Eufrazia, sikuyapanda hata. Niliwapa mbuzi.

Sasa mimi mwenye mambo hayo ndiye niliyekuwa natukana Profesa wa watu. Nikaona aibu. Sikujua kama Kabula aliiba au hakuiba. Nilichojua siku ile ni kwamba sikuwahi kujua, na nilimhukumu hivyo hivyo.

Alhamisi ya wiki ileile nikapanda baiskeli kwenda Sitalike. Usiniulize habari za njia. Matope yamejaa kwenye matairi mpaka nikawa naisukuma mimi, na ndorobo, wale mbung'o, wamenila mgongo mzima kupitia shati. Nilifika saa sita, nimechafuka hivi kwamba mbwa wao walikataa kabisa nikaribie.

Nyanda alikuwa machungani. Kabula alikuwa anatwanga, akaniona, akaendelea kutwanga. Kiti sikupewa. Nikasimama palepale juani nikasema yote: kwamba sikumwona akiiba, kwamba niliona jani tu, kwamba nimekuja kuomba msamaha na siombi kingine. Nikamweleza na habari zako, maana alitaka kujua kwa nini leo, baada ya miaka sita. Aliposikia kwamba na wewe umeshtakiwa kwa kufanana, ndipo akaweka mchi chini.

Akacheka, si kicheko cha kunifurahia. Akaenda kwenye matuta yake, akarudi na shina moja la marando, akalikata vipande vitatu mbele yangu, akavichomeka ardhini. "Haya," akasema, "vikiota utaniambia nani kamwibia nani. Kiazi hakina baba, Ponsian. Hakioi, hakiolewi. Ukikikata ni kilekile, ukikipeleka Mwanza ni kilekile, ukikileta Sitalike ni kilekile. Mahindi ndiyo yanaoana. Meupe yakikaa jirani na mekundu, gunzi linatoka na madoadoa. Wewe ni mkulima gani usiyejua hivyo?"

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi seremala. Akasema hilo linaonekana.

Wakati tunabishana hivyo, bibi mmoja akatoka ndani akijishika ukutani. Ni Nyanzala, huyo mama mkwe aliyetajwa mbele ya balozi, sasa anaishi nao. Macho yamefifia ila masikio mazima. Akauliza huyu anayeongea Kiswahili cha Kipimbwe ni mtoto wa nani. Nikataja jina la mama. Akauliza, "Yule aliyeungua mkono wa kushoto, hapa juu ya kiganja?" Eufrazia, unalijua lile kovu.

Akasimulia. Mwaka reli ilipokatika kwa mvua, mama alikuwa anarudi kutoka hospitali Tabora, akakwama stesheni ya Kaliua siku tatu akingoja treni ya Mpanda, na mtoto mchanga mgonjwa wa kifua mgongoni. Nyanzala alikuwa anauza maziwa pale stesheni. Akawachukua nyumbani kwake. Mtoto akapata nafuu kwa uji na viazi vile vya njano vilivyopondwa na maziwa. Treni ilipofika, akamkatia mama mzigo wa marando, akaufunga kwenye kipande cha kanga kilicholowekwa, akamwambia, mtunzie mtoto huyu chakula chake.

Mtoto huyo ni wewe. Nilipofika nyumbani nikamwuliza Baba, naye bila hata kushangaa akasema ndiyo, mama yenu alirudi na mtoto na marando, na marando yalikuwa mazito kuliko mtoto. Nikamwuliza kwa nini hakusema mwaka 1991. Akasema hakuna aliyemwuliza, na kweli siku za shauri lile alikuwa Mpimbwe kwa baba mdogo. Kumbe mama hakuwa mchoyo. Alikuwa anatunza chakula chako. Na mbegu niliyoita ya kwetu ilikuwa ya kwao Kabula. Jamani, nilimng'olesha mtu mbegu ya mama mkwe wake mwenyewe.

Njiani kurudi, nikisukuma baiskeli, nikaanza kuufikiria msitu wako wa pili. Nikasema moyoni, huyu Profesa anadai mahindi, je kama mtoto wetu ameokota viazi?

Barua zako zote naziweka kwenye kopo la biskuti. Nikazitoa, nikazisoma moja moja, na ya tarehe 14 Julai ikanisimamisha. Umeandika kwa mkono wako kwamba lile jani la porini, kule msitu wa kwanza, limeota kila mahali kama magugu. Halafu unasema msitu wa pili umezunguka siku mbili, mbu wamekumaliza, na hukuona hata moja, hata moja la kukausha kitabuni. Ukalalamika mistari mitatu habari za mbu, ukaendelea na mambo mengine. Na mimi nilisoma wakati ule nikacheka mbu tu.

Sasa niambie, mdogo wangu, kama jani halipo, harusi wanafungia wapi? Mimi naona hapo hakuna harusi. Hiyo ni ile kutu ya pili, isiyo na habari na jani. Ilifika moja, ikajikata yenyewe, ikahamia mti wa jirani, na jirani wa jirani, na kila ilipofika ni ileile. Miti arobaini, mistari ileile! Kama ndivyo, picha yako haina uchafu wowote, na kilichokosea ni kile kitabu cha zamani.

Na kuna jambo jingine, hili la kifundi. Umesema misitu yote miwili uliipima wiki moja, meza moja, vyombo vilevile. Kama mkono wako unamwaga matone, mbona msitu wa kwanza haukuchafuka? Msumeno mbovu unaharibu mbao zote, hauchagui.

Najua naingilia mambo ya watu waliosoma. Inawezekana nimekosea, na ukiniambia nimekosea sitanuna zaidi ya siku mbili. Lakini uliandika kwamba nusu ya unga wa kila mti umeibakiza kwenye jokofu. Basi mwombe mwenzako mmoja apime yeye, kwa mikono yake, bila kuambiwa chupa ipi ni ya mti upi. Ikitoka ileile, mkono wako uko safi mbele ya kila mtu. Theluji ikiyeyuka mwende na Profesa mwenyewe, mkalitafute hilo jani pamoja. Mbu wamwume na yeye.

Barua yako hiyo ya Julai nakurudishia humu ndani. Bahasha yake ina mhuri wa posta ya huko huko, tarehe inasomeka. Mpe Profesa aitazame. Uliandika kwamba jani halipo kabla hujapiga hata picha moja, kwa hiyo hawezi kusema umetunga sasa ili ujiokoe.

Ile nyingine, ya kuomba kazi, sijaipeleka. Iko kwenye kopo la biskuti. Ni yako, na sina haki ya kuizuia, nimeizuia kwa siku hizi za kukuandikia tu. Ukijaribu haya yote ukaona bado unataka kurudi, niandikie neno moja, "peleka", nami nitavaa shati la Jumapili niipeleke asubuhi hiyo hiyo. Ualimu ni kazi nzuri na tutakupokea kwa ngoma. Ila usirudi kwa kuona haya. Hilo ndilo ninalokuomba kama kaka yako.

Sasa nikumalizie habari ya Sitalike. Kabula alinipa kiti hatimaye, na viazi vya kuchemsha, vya njano. Nilivyoonja tu machozi yakanitoka, maana kwetu mbegu ile ilikufa na ukame wa mwaka juzi na sikuwahi kukuambia. Hakusema amenisamehe. Alisema nimechelewa. Lakini nilipoaga akakata marando mzigo mzima, akaufunga na kamba, akaniambia nipande Jumamosi isipite.

Niliufunga kwenye keria mpaka mwanzo wa Makanyagio. Pale nikashuka. Nikaegemeza baiskeli kwa Josephat wa duka la chumvi, nikautwika mzigo kichwani, nikatembea nao katikati ya barabara mpaka mlangoni kwetu. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, maana nilikuwa nimelala Sitalike. Watu wakatoka nje kama siku ile. Yule aliyekuwa balozi alikuwa barazani kwake, akanipigia kelele, fundi, leo umebeba nini? Nikasimama, nikajibu kwa sauti, kila mtu asikie: nimebeba viazi vya Kabula, ambavyo hakuviiba.

Eufrazia, mzigo ule ni mwepesi, majani tu na maji. Lakini shingo yangu iliuma. Nikamfikiria yeye siku ile, alivyoubeba bila kosa na bila neno. Wewe usiubebe. Kama huna kosa, utue hapo hapo mezani kwa Profesa, na ueleze.

Tuliyapanda Jumamosi ya tarehe 8, matuta matatu, kwenye shamba la mama. Leo yana majani mawili mawili, na vidole vimeshaanza kuonekana.

Baba anakusalimia na anasema usisahau rozari. Wifi yako anakusalimia na anarudia swali lake. Watoto wote wanakusalimia, na Cletus ambaye sasa hivi anapiga honi hapa nje ananiambia nimwandike naye. Kabula na Nyanda wanakusalimia kutoka Sitalike. Bibi Nyanzala anasema yule mtoto aliyemkojolea kitenge siku tatu mfululizo anadaiwa kitenge, ila kwanza amalize kazi yake.

Mungu akulinde na baridi, na akupe mkono mtulivu na mdomo wa kujitetea. Mama angekuwepo angekukatia kiazi.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda hata anapopiga kelele,

Ponsian